Utepe Unaovutika na Migongo ya Wachukuzi Kusini mwa Maniema

Maumivu ya misuli na viungo hayana heshima kubwa katika daftari za takwimu za afya, kwa sababu hayaambukizi, ni nadra kuua, na mwenye nayo huendelea kwenda shambani hata siku anapotembea amejishika kiuno. Hata hivyo katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, ambako mchele, mawese, chumvi, sabuni na mara nyingine mgonjwa mwenyewe husafirishwa kwa nguvu za mwili wa binadamu, maumivu hayo ndiyo yanayoamua ni nani atafika sokoni, nani atalima ekari nzima na nani ataishia nusu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hakuna hali nyingine inayowalemaza watu wengi zaidi. Mhadhara huu unachunguza kifaa kimoja kidogo kilichoenea katika tiba ya maumivu ya namna hiyo, yaani utepe wa kitambaa unaovutika na kugandishwa juu ya ngozi, ili kupima una nafasi gani kwa watu wa kusini mwa Maniema. Hoja inayotetewa ni kwamba utepe huo hauponyi chochote kwa nafsi yake, ila unaweza kumpa mtu siku chache za kujongea bila woga, na kwamba thamani ya siku hizo hutegemea kabisa mambo anayoyafanya ndani yake.

Historia ya mzigo katika nchi hii haikuanza na baiskeli. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupitia Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba, ilikuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 njia ya mabega: pembe za ndovu zilielekea pwani, vitambaa, shanga na baruti vikaelekea bara, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, mbali na chungu, mkeka na posho yake mwenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipojiimarisha Kasongo katika miaka ya 1870, mji ulikua juu ya mabega hayo. Na majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis yalipouteka Aprili 1893, bendera ilibadilika lakini mzigo haukutuliwa, kwa kuwa watawala wapya nao walitegemea wapagazi wa kulazimishwa hadi reli na barabara za magari zilipochukua sehemu ya kazi. Barabara hizo zilipoachwa kumezwa na msitu, na vita vilivyoanza mwaka 1996 vilipomaliza kilichosalia, kazi ilirudi mwilini. Mwandishi wa habari wa Uingereza Tim Butcher, aliyepita Kabambare na Kasongo kwa pikipiki mwaka 2004, alikuta wanaume wakisukuma baiskeli zilizosheheni mawese kwa mamia ya kilomita. Ingawa sehemu za barabara ya Kasongo hadi Kindu, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, zilitengenezwa baadaye, na pikipiki zimeongezeka, baiskeli ya kusukumwa haijatoweka.

Inafaa kutazama kwa makini jinsi baiskeli hiyo inavyoutumia mwili, kwa sababu daktari asiyejua kazi ya mgonjwa wake hutibu jina la ugonjwa tu. Baiskeli ya mzigo haipandwi. Magunia au madumu hulazwa juu ya fremu na pande zote mbili, fimbo hufungwa kwenye usukani ili kuurefusha, na msukumaji hutembea ubavuni, mkono mmoja ukiongoza na mwingine ukisukuma mzigo kwa nyuma. Katika mkao huo kiuno hujipinda upande mmoja kwa saa nyingi, bega lililo karibu na mzigo hubanwa, na kifundo cha mkono hukunjwa kuelekea nyuma. Kwenye mlima mzigo huongezea mgongo uzito wake; lakini kwenye mteremko, ambako wengi hudhani kuna nafuu, msukumaji mwenyewe hugeuka kuwa breki, na msuli wa paja hulazimika kukaza huku ukirefuka, hali ambayo hujeruhi nyuzi za misuli na kuumiza goti kuliko kupanda kwenyewe. Mwanamke anayetoka shambani na kapu la mihogo au kuni mgongoni, huku mshipi wa kapu ukipita kwenye paji la uso, hubeba kwa namna nyingine: kichwa huvutwa nyuma, misuli ya mbele ya shingo huvuta kinyume chake, na kiwiliwili huinama ili uzito uangukie juu ya miguu, kisha, baada ya kutua kapu hilo, humsubiri kinu na mchi, kazi ya kuinua mikono juu ya mabega mara mamia. Mchele, ambao ulienezwa Maniema na waungwana, yaani Waswahili wa zama za misafara, na ambao hadi leo ni fahari ya Kasongo, hulimwa, huvunwa na hutwangwa kwa migongo iliyoinama. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa upande wa Salamabila na Namoya, katika eneo la Kabambare, kuna zaidi ya hayo: kuchuchumaa shimoni, kubeba udongo juu ya ngazi, na kusimama majini wakisafisha mchanga.

Utepe wenyewe ni kitu rahisi kuelezea. Ni ukanda wa pamba, kwa kawaida wenye upana wa sentimita 5 na kuuzwa katika roli ya mita 5, ambao ndani yake mna nyuzi zinazovutika, na upande wake mmoja umepakwa gundi ya akriliki kwa mistari ya mawimbi, gundi ambayo hushika vizuri zaidi inapopata joto la mwili. Huvutika kwa urefu tu, si kwa upana, na unaweza kurefuka hadi kufikia asilimia 130 au 140 ya urefu wake wa kawaida. Huachwa juu ya ngozi kwa siku tatu hadi tano, hupitisha hewa na hukauka baada ya kuoga. Kwa sifa hizo hutofautiana na plasta ngumu ya wanamichezo, ambayo kazi yake ni kufunga kiungo kisiende mahali fulani. Utepe unaovutika haufungi kiungo, na anayeubandika akidhani amekishikilia kifundo kilichoteguka amejidanganya.

Mbunifu wake alikuwa Kenzo Kase, Mjapani aliyesomea tiba ya kunyoosha uti wa mgongo, ambaye katika miaka ya 1970 alitafuta njia ya kufanya athari ya mikono yake ibaki mwilini mwa mgonjwa baada ya mgonjwa kuondoka. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul ya 1988 wachezaji wa Kijapani walionekana nao. Katika ile ya Beijing ya 2008 kampuni yake iligawa roli nyingi kwa timu za nchi kadhaa, na picha za mabega ya wachezaji wa voliboli zikafanya kazi ambayo tangazo lolote lisingeweza. Huku Afrika soka ndiyo iliyouleta machoni: usiku wa tarehe 28 Juni 2012, Mario Balotelli alipoifungia Italia bao la pili dhidi ya Ujerumani na kuvua jezi, mamilioni ya watazamaji waliona vipande vitatu vya rangi ya buluu mgongoni mwake. Umaarufu wa kifaa ulitangulia ushahidi wake, jambo ambalo si geni katika tiba, na rangi zake, ambazo zinavutia macho na hazina kazi nyingine yoyote ya kitabibu, zilisaidia.

Maelezo yaliyotolewa na wauzaji ni kwamba utepe, ukibandikwa juu ya ngozi iliyonyooshwa, hujikunja mwili unaporudi katika mkao wake, hivyo huinua ngozi katika vikunjo vidogo, hupunguza mgandamizo ulio chini yake, na kufungua njia ya damu na limfu, yaani maji meupe yanayopita katika mishipa yake maalumu kutoka kwenye tishu kurudi kwenye damu. Maelezo hayo yana mvuto wa picha, lakini yamejaribiwa na hayakusimama. Nchini Brazili watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 148 wenye maumivu sugu ya mgongo katika makundi mawili, moja likibandikwa utepe uliovutwa ili kufanya vikunjo, jingine utepe uleule bila kuvutwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Ikiwa vikunjo ndivyo vingekuwa dawa, wasiokuwa navyo wasingepata nafuu sawa na wenzao.

Maelezo yenye nguvu zaidi hutoka kwenye elimu ya neva. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango la maumivu, inayosema kwamba habari za maumivu hazipandi moja kwa moja hadi kwenye ubongo, bali hupita katika ugwe wa mgongo ambamo habari za mguso, zinazosafiri kwenye nyuzi nene na za kasi, zinaweza kuzipunguza nguvu. Sehemu za nadharia hiyo zimerekebishwa baadaye, lakini kiini chake kinaelezea kwa nini mtu aliyegonga goti hulisugua. Utepe unaovutika, kila mwili unapojongea, huivuta ngozi kidogo na kuipa mishipa ya mguso kazi ya kudumu. Aidha humkumbusha mwenye nao mahali mgongo wake ulipo, na humwambia kwamba kuna mtu amemshughulikia, jambo ambalo wanasayansi huliweka chini ya jina la athari ya plasebo na ambalo si haki kulidharau, mradi lisiuzwe kwa bei ya tiba kamili.

Ushahidi wa majaribio, ukisomwa bila upendeleo, ni wa kiasi. Mwaka 2008 jaribio la Marekani lililohusisha wanafunzi 42 wenye maumivu ya bega lilionyesha kwamba waliobandikwa utepe kwa njia iliyoelekezwa waliweza papo hapo kuinua mkono juu zaidi kabla ya kuhisi maumivu, lakini baada ya siku chache hawakuwa wamewazidi wenzao waliobandikwa kwa namna ya bandia. Mwaka 2012 jaribio la Hispania kwa watu 60 wenye maumivu sugu ya mgongo lilipata nafuu baada ya wiki moja ya utepe, na watafiti wenyewe walikiri kwamba nafuu hiyo ni ndogo kiasi cha kutia shaka kama mgonjwa angeona inafaa kuigharimia. Mapitio ya mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 12 yenye watu 495, yalihitimisha kwamba ushahidi uliokuwapo hauungi mkono matumizi ya kawaida ya utepe huo hospitalini. Hakuna sababu ya kuyaficha haya kwa watu wa Maniema, ambao wameuziwa dawa za kutosha zenye sifa kubwa kuliko kazi.

Lakini jambo linalojitokeza katika majaribio hayo hayo, na ambalo mapitio hulipita haraka, ni ile nafuu ya mara moja. Mtu mwenye maumivu sugu ya mgongo mara nyingi hawi na jeraha linaloendelea. Anakuwa na misuli iliyojikaza kwa woga, kiungo kilichokakamaa kwa kutotumika, na mfumo wa neva uliojifunza kupiga kelele mapema. Kinachomponya kwa kadiri inavyowezekana ni kujongea hatua kwa hatua na kuimarisha misuli. Iwapo utepe unampunguzia maumivu kwa siku tatu na siku hizo akazitumia kuinama, kunyooka na kutembea, basi utepe umefanya kazi ya mlango. Iwapo amezitumia kuongeza gunia, umefanya kazi ya kinyume.

Wenyeji wa Kasongo na Kabambare wanazo tayari njia zao za kusema na ngozi ili nyama na viungo visikie. Kuchua kwa mawese ya moto au mafuta ya mise ni kazi ya kila nyumba. Kuumika, yaani kuvuta damu kwa pembe au kikombe, huendelea, na miongoni mwa Waislamu, ambao ni wengi katika sehemu hii kuliko karibu kila mahali pengine nchini Kongo, hufahamika kama hijama. Na chanjo, zile chale ndogo za wembe zinazopakwa dawa, huonekana kwenye viuno na magoti ya watu wazima wengi. Mbili za mwanzo hufanana na utepe katika kuiamsha ngozi, na kuchua kuna ushahidi usio dhaifu kuliko wa utepe, tena kwa gharama ya kijiko cha mafuta. Chale ni habari nyingine, kwa kuwa wembe uliotumiwa na watu wawili hupeleka virusi vya homa ya ini na Ukimwi kutoka mmoja hadi mwingine. Na utepe usibandikwe kamwe juu ya chale mbichi. Kwa upande wa dawa za dukani, vidonge vya diklofenaki na indometasini vinavyonunuliwa kwa rejareja na kumezwa kabla ya safari hutuliza kweli, ila vikimezwa wiki baada ya wiki, tena na mtu mwenye njaa anayetokwa jasho jingi, hutoboa tumbo na kuchosha figo. Ukilinganishwa navyo, utepe una sifa moja isiyopingika, nayo ni kwamba madhara yake makubwa huishia kwenye ngozi.

Ngozi, hata hivyo, si jambo dogo mahali hapa. David Livingstone, aliyekaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwaka 1870, alifungiwa kibandani kwa siku zipatazo 80 na vidonda vya miguu, na aliona vidonda vya aina hiyo vikiwaua wengine waliomzunguka. Vidonda vya nchi za joto huanza kwa mchubuko mdogo, na utepe uliobanduliwa kwa pupa huacha mchubuko wa aina hiyo hiyo. Unyevu na jasho hulegeza gundi kabla ya siku tatu kutimia, vumbi la barabara hujikusanya kwenye kingo, na joto lililofunikwa hualika upele na fangasi. Kwa hiyo yasemwayo katika vijitabu vya nchi za baridi kuhusu siku tano yapunguzwe hapa: siku mbili au tatu zinatosha, na ngozi ipumzike angalau siku moja kabla ya utepe mwingine. Mwenye ukoma au kisukari, ambaye ngozi yake imepoteza hisia, hafai kubandikwa, kwa kuwa hatajua inapoungua; hali kadhalika mwenye kidonda, maambukizi ya ngozi, mguu uliovimba kwa damu iliyoganda, au saratani mahali hapo.

Namna ya kubandika si siri ya wataalamu. Ngozi huoshwa kwa sabuni, hukaushwa na kuwekwa bila mafuta, na kona za kila kipande hukatwa duara ili zisinase nguo. Kwa maumivu ya kiuno mgonjwa husimama na kuinama mbele kadiri asivyoumia. Vipande viwili, kila kimoja chenye urefu wa kama sentimita 25, hubandikwa kutoka juu ya makalio kupanda sambamba na uti wa mgongo, kushoto na kulia, sentimita chache za kila ncha zikiwekwa bila kuvutwa hata kidogo, na sehemu ya kati ikivutwa kidogo tu, kwa asilimia 10 hadi 15. Wanaoanza huvuta kupita kiasi wakidhani nguvu ndiyo tiba, na malengelenge huwa malipo yao. Kwa goti lililokunjwa, vipande viwili huzunguka pia ya goti, kila kimoja upande wake, vikakutana chini yake; bega huhitaji mkono wa pili, wa mtu aliyefundishwa. Baada ya kubandika, utepe husuguliwa kwa kiganja hadi upate joto, na mgonjwa hukaa nusu saa au zaidi kabla ya kufanya kazi ya kutoa jasho. Wakati wa kuubandua, mawese yaleyale ya kuchulia hupakwa juu yake, yakaachwa yaingie, kisha utepe hukunjuliwa polepole kufuata malaika, mkono mwingine ukiishikilia ngozi.

Hatari kubwa zaidi ya utepe haimo kwenye gundi bali katika maumivu ambayo hayakupaswa kufunikwa. Maumivu ya mgongo yasiyopungua usiku, yenye homa na kukonda, au kibiongo kinachoota polepole kwa kijana, yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto, kwa mtoto mwenye homa, ni usaha ndani ya kiungo hadi ithibitike vinginevyo, na kila siku inayopotea hula gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Mtoto anayelia mifupa mara kwa mara na kuwa na macho ya manjano apimwe selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ambao unapatikana kwa wingi nchini Kongo. Miguu inayoishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja au mkojo usiozuilika baada ya kuanguka shimoni ni sababu ya kumpeleka mtu hospitali siku hiyohiyo.

Kupambanua hali hizo hakuhitaji mashine, na Kasongo ina historia ya kulithibitisha hilo. Mradi wa Kasongo, ulioanzishwa mwaka 1971 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ulijenga mtandao wa vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi na kuuunganisha na hospitali moja ya rufaa, na uzoefu wake ulichangia mfumo wa zoni za afya ulioigawa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika zoni 306 katika miaka ya 1980. Timu hiyohiyo ilichapisha mwaka 1981 utafiti uliozua mjadala mkali kuhusu chanjo ya surua: watoto waliochanjwa walikufa kwa uchache zaidi, lakini sehemu ya faida hiyo ilionekana kupungua kadiri walivyokua. Watafiti wengine walikuja kuipinga tafsiri hiyo kwa data za nchi nyingine, na kwa jumla walikuwa na haki. Ila swali lililoulizwa Kasongo, la kama faida ya leo bado ipo baada ya mwaka, ndilo swali ambalo utepe unaovutika umeshindwa kulijibu mara nyingi.

Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo, likipendekeza mafunzo kwa mgonjwa, mazoezi na kuchua miongoni mwa mengine, na likishauri dhidi ya matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno. Kwa Kasongo na Kabambare tafsiri ya mwongozo huo haianzii kwenye duka la dawa. Inaanzia kwenye kubadilisha upande wa kusukumia baiskeli kila baada ya mwendo fulani, kugawa mzigo wa kapu katika safari mbili pale shamba lilipo karibu, kuongeza upana na ulaini wa mshipi wa paji la uso, kuinua kinu au kumsimamisha mtwangaji juu ya kigogo, na kufunga breki za kweli kwenye baiskeli zinazoshuka milima zikiwa na mzigo unaozidi uzito wa msukumaji wake. Baada ya hapo ndipo utepe una mahali pake. Roli moja ya mita 5 hutoa vipande 20 vya sentimita 25, yaani migongo kumi kwa mara moja, au mgongo mmoja kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Na kituo cha afya chenye uwezo wa kununua roli moja tu kingefanya vyema kuihifadhi kwa ajili ya mtu aliyekwisha onyeshwa mazoezi na kukubali kuyafanya, na kumnyima anayetaka kubandikwa alfajiri ili aweze kuondoka na gunia la tatu.